Maneno Ambayo Baba Yako Hakuyasema

Mwanangu Kletus,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua siku hizi hujibu kwa sauti, lakini mdomo wako bado unacheza kidogo nikikusalimu hivyo, nami hiyo inanitosha.

Umeshuka Mkuyuni kunyoa nywele na kuaga watu, na mimi nimekaa mezani, pale pale ulipokuwa unapanga vijiko wiki nzima. Nimechana karatasi katikati ya daftari la jumuiya, Mungu anisamehe. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Arusha kwenye chuo cha hoteli. Una miaka thelathini na moja, na wenzako darasani watakuwa watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Mama wengine wangekuandikia habari za sweta, na wezi wa stendi, na kula kwa wakati. Hayo unayajua kuliko mimi. Mimi nakuandikia jambo moja tu ambalo nimelibeba miaka kumi na moja, na ukishalijua huenda Krismasi usije tena hapa. Hilo nalo nimelifikiria. Naandika hivyo hivyo.

Ni kwa ajili ya Jumapili, kwenye sherehe ya kukuaga. Mjomba wako Severini alikuja na koti lake la vikao, akakaa kwenye kiti chenye mgongo, akaanza kabla hata chai haijapoa.

"Shikamoo mjomba," ulimwambia.

"Marahaba, Fatha. Au sasa tukuite nani? Maana nasikia unakwenda kusomea uboi."

Watu walicheka, na wewe ulicheka nao. "Niite vyovyote, mjomba. Siku ukija Arusha nitakuletea supu mezani, halafu uniachie bakshishi."

"Bakshishi! Mimi nimlipe mpwa wangu kwa supu? Miaka yote ile ya Kilatini, ndiyo umetokea kwenye sinia?"

"Sinia nalo lina Kilatini chake, mjomba," ulimjibu, mpaka mama yako mdogo akapaliwa na chai.

Ingeishia hapo ingekuwa sherehe nzuri. Lakini mjomba aliacha kucheka, akafuta mdomo, akasema, "Marehemu baba yako angekuwa hai, Kletus, jambo hili asingelikubali. Yule mtu alitaka padre nyumbani kwake."

"Najua," ulisema. "Alishaniambia."

Uso wako ulifungika kama mlango wa duka. Mimi nilikuwa nimeshika birika, namimina, na nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa na chai ikamdondokea mjomba mguuni. "Dada, unatuchoma!" Wote walidhani uzee umeanza kunipigia hodi. Haukuwa uzee.

Baba yako hakukuambia kitu, mwanangu. Hakutuma salamu ya namna ile hata siku moja. Maneno yale yalikuwa yangu.

Nianze mwanzo. Utaona mahali najitetea, paruke.

Ulikuwa na miezi tisa, ukapata degedege. Masika yalikuwa yamekata barabara, gari halipandi, na baba yako alikubeba kifuani akateremka nawe kwa miguu kuelekea zahanati, mimi nyuma na kanga imelowa. Tulipopita kwenye groto ya Mama Maria pale misheni nikapiga magoti kwenye tope nikasema, akipona ni wako. Sikumwuliza baba yako. Yeye alikuwa mbele, hakusimama. Kwa miaka mingi nilimnung'unikia kimoyomoyo kwamba mimi niliomba na yeye alitembea tu. Leo naona kwamba yule aliyetembea ndiye aliyekufikisha kwa daktari, na yule aliyepiga magoti alikuwa anagawa kitu kisicho chake.

Ulipochaguliwa kwenda seminari ndogo, nikawa Mama Padre kabla hujajua hata kufunga kamba ya kanzu. Kisimani walinipisha nichote kwanza. Kanisani benchi la mbele lilinisubiri hata nikichelewa. Nilipenda, Kletus. Nikiandika kwamba nilifanya yote kwa ajili ya Mungu nitakuwa naongeza uongo mwingine juu ya ule. Nilipenda kupishwa kisimani.

Na baba yako unajua alivyokuwa. Alitoka Songea kuja kukata mkonge, akaniona, akabaki. Kwetu Waluguru mwanamume anaweza kuja kukaa kwenye ardhi ya mke, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Aliishi hapa miaka thelathini kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Hakujua kusoma. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini ndani ya nyumba hii nilikuwa karani, wakili na posta. Huko seminari simu mlikuwa hamruhusiwi. Kila ulichomwandikia baba yako kilipita mdomoni kwangu, na kila alichokujibu kilipita kwenye kalamu yangu.

Nadhani umeshaanza kuona ninakokwenda.

Barua yako ilikuja mwaka uliokuwa unamaliza kidato cha sita. Katekista aliniletea shambani, kwenye mananasi, nikaisoma nimesimama. Uliandika kwamba umeomba sana na umeona huna wito. Uliandika kwamba wamekupangia kuhudumia meza ya mapadre na wageni, na kwamba pale ndipo siku yako inapopata raha: kutandika kitambaa, kukumbuka nani hali pilipili, kumwona mzee aliyechoka na safari akimaliza sahani. "Mama, naomba umsomee baba taratibu. Nataka nikasomee kazi ya hoteli. Naomba ruhusa yake nirudi nyumbani." Sihitaji kuitafuta ili niyaandike haya. Imekaa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu miaka yote hii, na leo nimeitoa, nimeikunjia humu ndani. Uone mwandiko wako.

Jioni ile baba yako alikuwa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Akaniuliza, "Mtoto anasemaje?"

Nikafungua karatasi mbele yake. Nikafuata mistari kwa kidole kama siku zote, na nikasoma barua ambayo haikuwemo. Nikasoma kwamba hujambo, mitihani imekaribia, unatuombea.

Akasema, "Kaandika karatasi nzima kwa maneno machache hivyo?"

"Ni salamu nyingi," nikamwambia.

Akacheka. "Basi nami msalimie sana."

Nikakaa meza hii hii kuandika salamu zake. Unazikumbuka kuliko mimi. "Baba yako anasema, mtoto wa kiume aliyetolewa kwa Mungu akirudi kubeba sahani za watu, asikanyage hapa kwake. Na anasema hataki kulisikia tena jambo hili, usimtajie hata ukija likizo." Niliandika *hapa kwake*. Wewe mtoto wa Kiluguru ungeweza kujiuliza tangu lini hapa pakawa kwake baba, lakini ulikuwa na miaka ishirini na umeumia, hukujiuliza. Kwa nini sikutumia jina la mjomba, mwenye neno? Kwa sababu mjomba anajua kuandika. Ungemwuliza, angekujibu, tungekaa kikao, na huenda ungeshinda. Nilimchagua mtu mmoja katika ukoo mzima ambaye hakuwa na njia ya kujibu.

Hapa ndipo najitetea. Unajua nilikuwa napeleka mananasi mjini kwenye ile hoteli. Mimi hoteli nimeijua kwa mlango wa nyuma: madumu ya mafuta, ndoo za maganda, paka. Siku moja kupitia dirisha la jikoni niliona ukumbini mhudumu mmoja mtu mzima, ana mvi, shati jeupe kama theluji ya Kilimanjaro kwenye kalenda. Kijana wa umri wako akampigia vidole, "We! Njoo hapa!" Na yule mzee akaenda mbio, ameinama, kitambaa mkononi. Nikasema moyoni, mtoto wangu hapana. Wa kwangu watu watamwinamia yeye.

Lakini niliona na kilichofuata. Yule mzee alirudi jikoni akamwigiza yule kijana, vidole na mabega na sauti, wapishi wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kisha akaniona dirishani akaniambia, "Karibu maji, mama, umetoka nayo mbali hayo mananasi." Akaniletea kwenye glasi, juu ya kisahani. Tangu nizaliwe sikuwahi kuletewa maji juu ya kisahani. Hilo nililiacha pale pale mlangoni, nikaondoka na lile la vidole. Lilikuwa linanifaa zaidi.

Miaka iliyofuata uliiishi mwenyewe. Ulikuja likizo na kanzu yako, ukakaa na baba yako barazani kama watu wanaosubiri hukumu. Wewe ulijua anakudharau. Yeye hakujua kitu. Siku moja aliniuliza, "Mama Kletus, mtoto mbona haniangalii usoni?"

Nikamjibu, "Ndivyo wanavyofundishwa huko. Ni unyenyekevu."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Tangu siku hiyo na yeye akaacha kukuangalia, asikusumbue katika unyenyekevu wako.

Na hili ndilo linalonichoma kuliko yote, na naliandika polepole. Jioni moja, wewe umesharudi seminari kuu, tulikuwa tunamenya mihogo, akaanza kunisimulia mambo ya mkonge. Nilidhani nayajua yote. Akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza hakuwa mkataji, alikuwa mpishi wa kambi. Ugali wa wanaume mia, maharage, Jumapili nyama. Kisha msimamizi mpya akaja na mpishi wake, baba yako akapelekwa shambani. "Kule shambani nilikuwa namba," alisema. "Jikoni walikuwa wananiita kwa jina. Mtu akishiba anakuuliza jina lako." Kisha akasema, "Mtoto angekuwa si wa Mungu, ningemfundisha kupika."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu na muhogo mkononi mwangu. Nilikuwa na nafasi, Kletus. Ilikuwa imekaa mbele yangu inamenya mihogo. Ulikuwa umebakiza miaka minne ya masomo. Nikasema, "Mungu ana mipango yake," nikapeleka maganda nje.

Alipougua kifua nilikuandikia, ukanijibu kwamba mitihani imebana na utamwombea. Aliuliza, "Kletus yuko njiani?" Nikasema yuko njiani. Kesho yake akauliza tena. Nikasema yuko njiani, barabara mbaya. Alikufa akiilaumu barabara.

Siku ya maziko ulisimama ng'ambo ya kaburi, mikono nyuma. Watu wote walitupa udongo, hata watoto wa jirani, hata yule bibi asiyeona alishikwa mkono akatupa. Ilipofika zamu yako hukuinama. Mjomba aliwaambia watu kwamba wasomi wa seminari kuu wana taratibu zao, wakakubali. Mimi nilikuwa mbele yako kwa upana wa kaburi tu. Nilijua kwa nini mkono wako umekataa. Neno moja lingetosha. Nilivuta kanga nikajifunika uso, wakasema maskini mjane.

Miezi mitano baadaye ukatokea na sanduku lako, ukasimama mlangoni ukasema, "Sasa hakuna wa kunifukuza." Nikakupikia ndizi na nyama. Nikamshukuru Mungu kwa kukurudisha. Na nikala.

Usifikiri sikwenda kuungama. Nilikwenda kila mwezi. Nilisema, "Baba, nimesema uongo," kama anavyosema mtu aliyemdanganya jirani kuhusu kuku. Nikapewa Salamu Maria tatu. Nilijificha ndani ya neno lile miaka kumi, nikatoka nimetakata na kwenda kukaa kwenye benchi langu la mbele. Sasa wengine ndio wanalikalia, kwa sababu mama wa aliyeacha upadre njiani hapishwi popote, na nimeona ni haki. Kilichokuwa si haki ni wewe kuitwa njiani na vijana wa bodaboda, "Fatha, misa saa ngapi leo?" na wewe kuwajibu, "Ikiisha foleni yenu ya kuungama," na kucheka, na kurudi hapa na kulima mpaka giza. Miaka mitatu jembe. Ningekusomea barua yako kama ilivyoandikwa, ungekuwa leo na miaka kumi ya kazi. Labda ungekuwa unawafundisha hao watoto utakaokaa nao darasani. Hesabu hiyo naifanya kila siku, na kila siku jibu linabaki pale pale.

Na wiki hii umekuwa ukifanya mazoezi na sahani zangu za bati. Tatu mkono mmoja, zimejaa maji, kutoka jikoni mpaka mezani na kurudi. Juzi ukaniambia, "Mama, kaa. Leo wewe ni mgeni." Ukanivutia kiti. Ukaja kwa mkono wangu wa kulia ukasema, "Karibu, mama. Leo tuna ndizi na maharage."

"Maharage kayapika nani?" nikakuuliza.

"Mpishi mkuu. Bahati mbaya hawezi kuja kukusalimu, amekaa kwenye kiti chako."

Tulicheka, na niliuona uso wako ambao sikuuona tangu ukiwa na miaka kumi na minne. Kisha ukafungua kile kitabu cha mkono wa pili ulichonunua mjini, ukanisomea kwa sauti ya kuigiza mwalimu: kazi ya mhudumu ni kufikisha; kilichotoka jikoni ndicho kifike mezani, hakipunguzwi wala hakiongezwi njiani.

Nilisogeza sahani kando. Ulidhani maharage yana chumvi.

Nilikuwa mhudumu wenu miaka yote ile, wewe na baba yako. Mlikuwa mnapikiana vitu vizuri, yeye salamu zake, wewe moyo wako, na mimi nilikuwa nakula njiani na kupeleka sahani nyingine. Ndiyo maana sina la kukufundisha kuhusu kazi unayokwenda kuisomea. Unaijua. Ukipigiwa vidole, na utapigiwa, usinifikirie mimi niliyeona aibu dirishani. Mfikirie yule mzee wa kisahani. Na ukikutana na watoto wa miaka kumi na tisa wanaojua kutumia mashine za huko kukuzidi, usione haya kuuliza. Mimi nimeharibu maisha ya watu wawili kwa sababu ndani ya nyumba hii mimi ndiye niliyekuwa najua.

Sikuombi unisamehe. Wewe una tabia ya kusamehe haraka, nusu ni moyo wako na nusu ni seminari, na hiyo nusu ya pili siitaki. Kaa na hasira yako kadiri itakavyotaka. Sasa angalau itakuwa imekaa kwa mwenyewe, yaani mimi. Kwa mjomba na ukoo nitasema mimi, Jumapili ijayo, baada ya misa, nikiwa nimesimama. Paroko alipoisikia habari yote kwa mara ya kwanza, mwezi uliopita, hakunipa Salamu Maria hata moja. Aliniambia, "Mama, nenda kwa mtoto kwanza, ndipo urudi."

Nilitaka kuificha barua hii chini ya mashati yako meupe, uikute umeshapita Segera, mimi niko huku na mlima wangu. Nimeiweka, nikaitoa, nikaiweka. Huo ungekuwa tena mpango wa mtu anayechagua asiyeweza kumjibu. Kwa hiyo ukirudi kutoka Mkuyuni nitakupa mkononi, na nitakaa hapa hapa kwenye kiti mpaka umalize kusoma. Ukitaka kusema kitu, nitakisikia. Ukitaka kuondoka leo leo ukalale stendi ya Msamvu, chai iko kwenye chupa, beba.

Ila njia ya kushuka inapita pale pale kaburini, kwenye migomba ya mwisho. Baba yako hakukufukuza. Siku unakwenda kidato cha kwanza, mimi nikilia kwa fahari, yeye aliniambia pembeni neno moja nami sikukupelekea hata hilo. Alisema, "Akichoka arudi, pa kulala papo."

Mvua za mwaka huu zimeukaza sana udongo wa kaburi. Leo asubuhi nimechukua jembe nikautifua upande wa njiani, sehemu ndogo tu, ili ukiinama mkono wako usipate taabu.

Mama yako,
Bernadeta